Babu na Kisu cha Krismasi

Babu yangu alipopoteza meno ya mwisho, tulimwonyesha upendo kwa mtori. Asubuhi mtori, jioni mtori, ndizi na nyama vikipondwa hadi vikawa laini kama uji. Ili asione aibu mbele za watu, bakuli lake tulilipeleka chumba cha ndani, nasi tukala sebuleni tukicheka. Haukupita muda mrefu akaanza kuniita kwa jina la baba yangu.

"Uzee huo," alisema baba mkubwa. "Krismasi hii nyama nitagawa mimi."

Kwetu Kibosho, huku mlimani, mbuzi akichinjwa, kila nyumba ya ukoo ina kipande chake, na mgawaji ni babu. Kumnyang'anya kisu ni kumwambia amekwisha.

Nikamshusha Moshi mjini kwa daktari wa meno, nikitaka tu aweze kutafuna.

"Shikamoo, babu. Nyumbani unakula na nani?" daktari aliuliza.

"Na ukuta."

Daktari hakucheka. Alinieleza kwamba watafiti wameona wazee wengi waliopoteza meno hupungukiwa pia na kumbukumbu. Sababu bado wanaitafuta: labda kutafuna kwenyewe, labda chakula duni, labda upweke. "Meno ya bandia si dawa ya akili," akanionya. "Ila mrudisheni mezani."

Nilipanda mlima siku ile nikitaka kumsimamisha kila mtu barabarani nimwambie. Mezani! Jambo dogo hivyo!

Meno yalipokuja, babu aliyatukana wiki nzima. "Haya ni ya nani? Yananing'ata!" Lakini aliyatukana sebuleni, mbele yetu, huku akimega nyama.

Krismasi ikafika. Babu alikaa mbele ya mbuzi aliyechinjwa, kisu mkononi, baba mkubwa kando yake akingoja akosee. Akaagiza mguu uende nyumba ya juu, mbavu kwa jirani zake wa ukoo. Kwenye shingo akasita. Baba mkubwa akanyoosha mkono kuchukua kisu.

"Ngoja wewe," babu akasema, shavu limejaa maini ya kuchoma. "Natafuna."

Uwanja mzima ukacheka. Akameza, akaitoa shingo kwa nyumba ya chini.

"Baba, hiyo ni ya kwetu!" shangazi akapiga kelele.

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe!"

"Uliolewa bila kuniaga?"

Alikuwa amekosea, na wote walijua. Wakamzunguka, wakabishana naye kwa sauti, vidole hewani, kama watu wanavyobishana na mtu aliyepo. Nami nilirukaruka pale kama mtoto, kwa sababu kisu bado kilikuwa mkononi mwake.