Fahali wa Kaisari

Kila nikisikia harufu ya moshi wa nyasi kavu, ule wa kufukizia vyombo vya maziwa, dole gumba la Bibi hunijia kabla ya uso wake. Lilikuwa pana, laini kwa siagi, na kovu dogo pembeni. Ngoja niwasimulie siku lilipotuokoa.

Tuliishi Kibingo, Bibi na mimi, na ng'ombe mmoja mwekundu, Bihogo, ambaye kwa pembe zake ilibidi tupanue lango la zizi. Siku hiyo padri wetu, aliyekuwa ametoka masomoni Roma, alileta kwenye mafundisho dinari ya kale, ya fedha halisi, yenye sura ya Kaisari, ili tuone sarafu aliyoonyeshwa Yesu ilifananaje. Kwa kuwa niliisimulia habari ile bila kukosea, akaniazima hadi kesho yake. Nilitembea nayo ngumini njia nzima, ikipata joto, nikiona aibu kumbana Kaisari kiasi kile.

Nyumbani nilimkuta baba mdogo amekuja kutoka Bugene, viatu vyake vya mjini ameviweka juu ya kigoda visichafuke. Alikuwa anamwambia Bibi, kwa upole, kwamba macho yake yamekwisha. Ahamie kwake, Bihogo auzwe. Bibi akasema anaona vizuri. Baba mdogo akachukua dinari yangu, akaitazama pande zote mbili, akampa.

"Basi, Mama, hapo pamechorwa nini?"

Bibi akageukia mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho. Alikaa nayo muda mrefu. Kuku wakapita. Mimi nilikuwa nimeshika nguo yake, nasali kwa Kiswahili na Kinyambo, maana sikujua Mungu angesikia upesi kwa lugha ipi.

"Fahali," akasema. "Ameinamisha kichwa, anataka kupiga. Lakini pembe fupi hivi, huyo si wa kwetu."

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. Akanywa maziwa, akavaa viatu, akaondoka na bodaboda, na habari ya kuhama ikaishia hapo.

Ila mimi niliona jambo. Upande uliokuwa mbele ya macho ya Bibi ulikuwa wa Kaisari na pua yake ndefu. Fahali alikuwa upande wa pili, chini ya dole gumba. Nikadhani amemfanyia mwanawe mzaha, nikanyamaza.

Tangu jioni ile akawa ananiuliza kila kitu: ukungu umefika wapi kilimani, Bihogo anakula majani upande gani, mwezi umekuwaje. Nilimweleza kirefu, nikijiona mwanafunzi wake hodari. Tuliishi hivyo mpaka alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Bibi hakuwa akinipima. Alikuwa haoni, na alitaka kujua. Na mimi, ili nimfurahishe mwalimu wangu, nusu ya mbingu ile niliitunga.