Marehemu Aliyetaka Kukaa Kiti cha Baba

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki wa binamu. Usiponiamini sitakubembeleza.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Baba mdogo akauza nyumba yao ya Mirongo kabla hata matanga hayajaisha, akafungua duka la redio kutoka Dubai. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na kila mwenye tamaa alijiita mfanyabiashara. Mimi na mdogo wangu Neema alituambia tukajaribu maisha. Nikaacha shule, nikasafisha picha za watu studio hadi nikapewa kamera. Neema nilimsomesha mimi. Baba mdogo alipokufa nilikwenda Magu kumzika, udongo nikautupia kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo usiniambie labda hakufa.

Mwaka uliofuata tukafanya sherehe ya kumuaga Neema, anaolewa. Pembeni yake tuliacha kiti wazi kwa heshima ya baba. Flashi niliiweka robo ya nguvu, tundu la lenzi 5.6, spidi ya kufunga 30, ya polepole, ili taa za ukumbini nazo zionekane. Nikainua kamera, kile kiti kina mtu. Baba mdogo! Suti ileile tuliyomzika nayo, anakaza tai.

Nikabonyeza kwa mshtuko. Flashi ikawamulika wote, vivuli vyao vikaruka ukutani. Yeye je? Hakung'aa, hakuwa na kivuli. Alibaki na umanjano wa balbu.

"Piga, mwanangu," akasema. "Watoto wa Neema wamjue babu yao."

Babu yao! Naapa, hofu yote ilinitoka. Mtu huyu hata kaburini hakushiba?

Nikafikiri kama fundi. Flashi huwaka na kuzima kufumba na kufumbua, spidi haiipunguzii kitu. Spidi hupunguza mwanga wa taa, na yeye alionekana kwa taa tu. Nikaipandisha hadi 125, mwisho wa kamera yangu ikiwa na flashi. Nikabana tundu hadi 11, kisha flashi nikaipa nguvu zote ili Neema asije akafifia.

"Mwanangu, hata sura kidogo tu..."

"Kaa upendavyo, baba mdogo. Picha haikuchukui."

"Dada, unaongea na kiti?" Neema akacheka.

"Na mtu ambaye hakualikwa."

Picha zilipotoka, Neema aling'aa na kiti kilikuwa kitupu. Ile ya kwanza tu ndiyo ilimwonyesha, mwembamba kama moshi. Negativu yake niliitia kwenye jiko la mkaa.

Unadhani aliona aibu? Hadi leo nikipiga picha za harusi huja, na tai yake, akitafuta pa kujibanza. Siku hizi ananiita mheshimiwa. Nabana tundu, naendelea na kazi.

Nawe unayekula vya yatima, nakuonya. Ipo siku utamwomba nafasi mtoto uliyemfukuza, naye atakutazama kama ninavyomtazama huyu: kitu kinachoharibu picha.