Sikio la Wawira Mbele ya Simu

Tuliondoka Kanja kwa sababu binti yangu Wawira, mwenye miaka saba, alikuwa ameacha kuitika anapoitwa. Tangu tulipomzika mama yake, watu walisema ni majonzi. "Mwache mtoto aomboleze," waliniambia, nami nikaamini, maana hata mimi sikuwa na maneno. Mwalimu wake ndiye aliyeshuku masikio, akanielekeza kwenye kliniki moja Nkubu.

Asubuhi jirani yangu Njeru alitubeba kwa pikapu yake iliyojaa miche ya makadamia. Baada ya Runyenjes barabara hushuka mtoni na kupanda tena, kona baada ya kona. Lori lilipiga honi nyuma yetu. Njeru na mimi tulishtuka. Wawira aliendelea kuchezea jani mkononi. Nilianza kuogopa kwamba mwalimu amesema kweli.

Kule Nkubu, muuguzi alifunga kifaa chembamba chenye taa kwenye simu yake, akakiingiza taratibu sikioni.

"Simu imekataa. Haioni kitu," alisema. "Baba, mmeweka nini humu?"

"Mafuta ya avokado, sista. Shosho, nyanya yake, huyapasha moto kidogo."

"Kwani mnamkaanga mtoto?"

Nilicheka kwa aibu. Alisafisha sikio, akapiga picha upya. Alinieleza kwamba simu ilifundishwa kwa picha nyingi za masikio ambayo madaktari walikuwa wamekwisha kuyachunguza, kwa hivyo hulinganisha. Safari hii ikaandika: huenda kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio. Sikio la pili likawa vilevile.

"Huenda?" niliuliza.

"Simu hukosea pia. Ndiyo maana na mimi niko hapa."

Alichungulia mwenyewe, akapuliza hewa kidogo kwa kipira cha kubinya aone kama ngoma itasogea. Haikusogea.

"Hasikii vizuri, baba. Si huzuni peke yake."

Akaniagiza nisimtie chochote masikioni, niongee naye karibu akiniona uso, na shuleni akae mbele. Baada ya miezi mitatu nimrudishe. Maji yakiwa bado yapo, daktari wa masikio atamwona.

Jioni tulirudi. Nilikuwa nimeenda nikitumaini dawa, na nilirudi bila dawa. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba kimya cha mtoto hakifai kuhurumiwa tu, kinafaa kuchunguzwa.

Tulipopita Chuka, Njeru alisimama kununua ndizi. Nilimgeukia Wawira, nikamsogelea, nikamwita. Aliniangalia mdomo.

"Baba," akasema, "siku ya mama, pale kaburini, ulisema nini? Niliona tu unaongea."

Alikuwa amesimama kando yangu siku ile, akinishika koti.

"Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi," nilisema polepole. "Nilimwambia nitakuwa nikikusuka nywele mimi mwenyewe."

Alifikiri kidogo, akashika kichwa chake.

"Lakini unasuka vibaya."