Fundi Miwani na Duka la Programu

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Miwani alishonea watu nguo, na hakuna aliyethubutu kumpangia bei. Binti yake alipomtengenezea programu ya simu ya kufundisha kukata magauni, fundi aliona kwamba katika kila shilingi mia anayolipwa, thelathini zinabaki kwa duka la programu. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Thelathini! Wao wameshika mkasi saa ngapi?"

"Mama, simu hizi hazina duka lingine," binti akasema.

Basi akafanya ujanja. Katikati ya somo la kola akaweka namba yake: anayetaka masomo yote amlipe mwenyewe, atapunguziwa. Wiki haikuisha, duka likaiondoa programu: malipo ya pembeni hayaruhusiwi. Akaandika barua kali, akianza na "Ndugu mwenye duka". Jibu likaja papo hapo, kutoka kwa mashine, likimtakia siku njema.

Kesho yake akawahutubia mafundi wenzake kwenye korido ya jengo lao. "Mtu akijua huna pa kwenda, atakukamua mpaka basi!"

Wifi yake, mshona sare asiyejua kumung'unya maneno, akasimamisha cherehani.

"Wifi, ovaloki ya kuziba kingo zisifumuke, jengo zima ipo moja. Ya nani?"

"Yangu."

"Na nikikuletea sketi zangu, unanitoza vipi?"

Fundi Miwani akaanza kutafuta chaki aliyokuwa ameishika. "Hiyo ni tofauti. Mashine inakula umeme."

"Inakula kweli! Mpaka faida yangu inaimaliza."

Korido nzima ikaangua kicheko. Siku mbili Fundi Miwani alikunywa chai amewapa mgongo. Siku ya tatu akabandika bei mpya ya ovaloki, nusu ya ile ya zamani, na hakutaka mtu amshukuru.

Namba yake akaitoa, shingo upande, na programu ikarudishwa. Thelathini zikaendelea kukatwa. Lakini aliposikia ofisi ya ushindani wa biashara inapokea malalamiko, alifika kabla haijafunguliwa, wifi yake kando.

Karani akaandika kila kitu, kisha akakohoa kidogo. "Mama, shauri kama hili linaweza kuchukua miaka."

Fundi Miwani akatazama huku na huku. "Sawa. Viti vya kusubiria viko wapi?"