Vibanja Vilivyoitwa Viwanja

Georgina Kokushubila ni binti wa Karugendo wa Buganguzi, yule aliyejifunza kusoma kwa katekisimu akiwa tayari na mke na mibuni mia mbili. Karugendo naye alizaliwa na Mwijage. Mwijage huyo aliishi kwenye nyarubanja, yaani ardhi ya mkubwa iliyolimwa na wengine, akagoma kumpelekea mkubwa huyo pombe yake ya ndizi. Akafukuzwa katika kibanja cha migomba alichokipanda kwa mikono yake, akatoka na mkungu mmoja kichwani, analalamika njia nzima. Georgina mwenyewe, aliyeolewa Ijumbi, alikuwa amewafundisha wanawake thelathini na wanane kuandika majina yao katika darasa la watu wazima. Si mtu wa kuokotwa njiani.

Mwaka 1975 chuo kimoja cha ualimu kilitangaza mtihani wa historia na siasa kwa walimu wa watu wazima waliomaliza darasa la nane. Atakayefaulu ataingia mwaka wa pili moja kwa moja. Atakayeshindwa ataanzia wa kwanza. Kwa Georgina hilo lilikuwa jambo kubwa, maana mumewe Ildefons, baba wa mwanawe Datius, alikwisha sema neno lake: atakaa bila mke mwaka mmoja. Miwili hapana.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu kumi na mmoja. Kilipomfikia, sura ya Wajerumani ilikuwa imeng'olewa. Inasemekana mtu aliifungia karanga. Kila Ijumaa alingoja basi la Bukoba, basi ambalo siku nyingine halikuja kabisa, akalale kwa shangazi yake Benadetha, Kitendaguro, ili Jumamosi amuwahi Mwalimu Ayubu aliyewafundisha watahiniwa. Tarehe alizikariri hadi akawa anazitaja huku anapalilia.

Kilichomchosha ni neno moja. Ayubu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kalamu nyekundu. Kila Georgina alipoandika jinsi wazee walivyonyang'anywa vibanja, Ayubu alikata, akaandika juu yake "viwanja".

"Mwalimu, kiwanja kinachezewa mpira," alimwambia. "Kibanja kina nyumba, migomba na mibuni, na baba yako amezikwa humo."

"Mama, hicho ni Kihaya. Mtihani ni wa Kiswahili."

"Na nyarubanja ni Kiswahili cha wapi?"

Wenzake walicheka, Ayubu naye akacheka, lakini alama hakumrudishia. Jumamosi iliyofuata akakata tena.

Siku ya mtihani swali la tatu lilikuwa lile alilozaliwa nalo: eleza madhara ya nyarubanja kwa wakulima. Kalamu ikasimama. Akamfikiria Mwijage. Akafikiria ule mwaka mmoja wa Ildefons. Akaandika viwanja, mara kumi na nne, na kila mara ni kama anameza mfupa.

Alipata arobaini na saba. Zilitakiwa hamsini.

Akaenda chuoni kuomba aione karatasi yake, wakamwonyesha. Aliyesahihisha alikuwa mkufunzi mwenyeji wa huku huku, Mhaya kama yeye, na pembeni mwa swali la tatu ameandika: "Viwanja vya nini? Nyarubanja ilihusu vibanja. Mtahiniwa hajui historia ya kwao."

Aliisoma mara mbili. Hakulia, angemlilia nani? Walimwambia alama zimeshapelekwa, hazibadiliki, ila nafasi ya mwaka wa kwanza ipo, masomo yanaanza baada ya wiki mbili.

Njia nzima ya kurudi aligombana kichwani na mkufunzi, na Ayubu, na zaidi na nafsi yake. Alimkuta Ildefons anapogoa migomba, akamweleza yote. Ildefons akasikitika kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, kwamba basi, Mungu hakupenda, naye alikwisha sema miwili hapana.

"Ulisema, nikasikia," Georgina akajibu. "Lakini mwaka huu nimeshamtii mtu mmoja, Baba Datius, na umeona nilichovuna."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mbegu za maharage, akakiweka miguuni pake. Huku kwetu mwanamume ni wa mgomba na mbuni. Maharage ni ya mwanamke, na mwanamume akionekana ameyainamia, watu huuliza mkewe amekufa lini.

Ildefons alikitazama kikapu. "Watanicheka."

"Waambie sijafa, niko chuoni. Mbegu mbili kila shimo, usizifukie sana. Anzia kule juu, kabla mvua haijashika."