Jembe la Siku ya Tatu

Likizo yangu ni siku saba, na hizo saba nazo nimezipigania. Kazi yangu hapa Marekani ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi niko Oxon Hill kwa bibi asiyeweza kuvaa soksi peke yake, mchana nakimbilia Upper Marlboro kwa mzee anayenisubiri mlangoni huku akitazama saa, jioni narudi kwangu Adelphi kupika. Maisha yangu yote ni kupanda na kushuka gari. Kwa hiyo mtu akiniambia nikienda Ulaya nizunguke miji minne, namtazama tu, maana nguvu za kubishana sina.

Tena nilishazunguka. Safari ya kwanza, miaka mitatu nyuma, niliwasikiliza watu. Aliyenipangia ni mwenzangu wa kazini, Mkenya wa Nakuru, mwanamke asiyejua kukaa kimya.

"Wee, usikae place moja, hiyo ni ku-waste ticket!"

Akaniandikia nyuma ya bahasha: kwa dada yangu Ubelgiji siku mbili, Paris mbili, Amsterdam mbili, Roma moja. Binti yangu naye akachungulia ile bahasha na kusema, "Mom, you have to see Rome." Nikakubali. Nikichoka huwa nakubali chochote.

Dada yangu mkubwa anakaa mji mdogo nje ya Brussels. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana tangu kabla mama hajafariki. Mama alipougua, karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika. Ningetoka Marekani nisingeweza kurudi. Dada ndiye aliyekwenda Tanga akamuuguza miezi minne, akamzika. Mimi nilizika kwa simu, nimeketi ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, University Boulevard, watu wanapita na matoroli yao. Kwa hiyo sikwenda Ulaya kutazama majengo. Nilikwenda ili dada aniambie mama alimalizaje. Hilo sikumwambia mtu yeyote, na ndiyo maana watu wakanijazia miji.

Dada alinipokea kama balozi. Alitoa vikombe vya kabatini, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatandika shuka jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Kitanda chake akanipa mimi, yeye akalala kwenye kochi. Niliponyanyuka na sahani yangu, akaninyang'anya.

"Keti. Mgeni haoshi vyombo."

"Mimi ni mgeni, dada?"

"Si umekuja siku mbili?" Alicheka, lakini sahani hakuiachia. "Acha tu, mdogo wangu. Mimi nimezoea kufanya peke yangu."

Lile neno lilinichoma. Nilijua halikuhusu sahani.

Siku ya pili tulizungumza habari za baridi, za watoto, za nani kaoa na nani kaachwa. Kila nilipomtaja mama, dada aliniongezea chai. Nilikunywa chai mpaka tumbo likajaa. Jioni, nikipanga begi langu, niliinua macho nikaona juu ya kabati sanduku la kahawia la mama, kufuli limekatika, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nikilikalia utotoni nikisukwa nywele.

"Hujalifungua?" nikamuuliza.

"Nifungue na nani? Vitu vya mama ni vyetu wawili."

"Basi tulifungue sasa."

Dada akatazama saa ya ukutani. "Treni yako saa mbili asubuhi. Mambo yale hayafunguliwi mbio mbio. Utakuja siku nyingine, kwa nafasi yako."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia kumsema mtu aliyekaa mno kwenye nyumba ya watu. Mimi asubuhi ile stesheni niliisikia vingine kabisa. Anayepewa jembe ameshakuwa wa nyumbani, anaweza kutumwa, kufokewa, na kuambiwa mambo. Na mimi siku yangu ya tatu niliitumia kupanda treni, na mfuko wa maandazi mkononi.

Hiyo miji mingine siwezi kukusimulia. Kila nilikofika nilifungua begi, nikafunga begi. Paris mvua ilinyesha. Amsterdam nilisinzia kwenye benchi la jumba la makumbusho mpaka mlinzi akanigusa bega, akidhani naumwa. Roma nilifika miguu imevimba, nikapiga picha moja ya kumridhisha binti yangu, na kwenye picha hiyo nimenuna. Mwenzangu alipoiona akasema, "At least umefika." Nilikuwa nampa lifti siku hiyo, nikaongeza sauti ya redio.

Mwaka huu nimepata tena siku saba. Mwenzangu amekuja na bahasha nyingine, sasa ni Lisbon na Barcelona.

"Siku saba kwa nyumba moja? Si uta-get bored!"

"Niache," nikamwambia. Bahasha nikaitia kwenye pipa la taka mbele ya macho yake. Haikuwa adabu, najua.

Lakini kumpigia dada kulinichukua wiki mbili. Niliogopa. Mtu aliyemwosha mama yake peke yake anayo haki ya kukuacha uwe mgeni maisha yako yote. Mwishowe nilimpigia mchana mmoja, nimeegesha gari nje ya nyumba ya yule mzee wa Upper Marlboro, zimebaki dakika kumi zamu ianze.

"Dada, nimepata likizo. Siku saba."

"Alhamdulillahi. Na hapa kwangu utapita siku ngapi?"

"Sipiti. Nakaa kwako zote."

Nikasikia bomba la maji linafungwa huko kwake.

"Zote saba?"

"Zote."

Kisha akaongea kwa sauti ile ya zamani, ya kunituma dukani.

"Basi njoo na nguo za kazi. Na kitanda changu sikupi tena, tutabanana. Na lile sanduku utaliteremsha wewe, unasikia? Mimi mgongo hauwezi. Nimeshabeba vya kutosha."

"Nasikia, dada."

Mzee alikuwa ameshafungua mlango, ananionyesha saa yake. Nilimwinulia mkono anisubiri, nikakaa mle garini nikalia.