Wino Kichwani

Juzi mahakamani nilimwona mama mmoja akifuta wino wa kidole gumba kwenye nywele zake, nikaikumbuka ile alasiri katika mahakama ya mtaa wetu wa Kator. Chumba kilinukia vumbi lililolowa mvua. Mama aliyenizaa alibonyeza kidole kwenye karatasi za kunikabidhi kwa Mama Akello, jirani yetu muuza chapati, niwe mtoto wake. Kisha akaufuta wino ule kichwani mwangu, si mwake. Nikadhani ananitia alama nisipotee.

"Usimwoshe nywele leo, dada," alimwomba.

"Sitamwosha," Mama Akello alijibu.

Sasa najua kwamba kwa karatasi zile mama aliyenizaa hakulazimika kuniona tena. Lakini alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kabla ya kusalimia mtu alinipapasa nywele taratibu.

"Alama bado ipo," alisema.